Piano inayokufa polepole: kinachofanyika hasa Satie na Chopin wakigeuzwa ambienti

Ukiingia YouTube usiku uandike tu piano ya kusomea ama piano ya kulala, utaletewa video za masaa matatu, masaa nane, dirisha lina matone ya mvua, na chini ya hiyo mvua kuna watunzi wa zamani wa Ulaya, Satie, Chopin, Debussy, Beethoven, wote wamepunguzwa mwendo na kulainishwa mpaka hujui wimbo mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Hapa Nairobi huu muziki, ambienti, wa kuwepo tu nyuma ya shughuli zako, umeingia kila mahali, wanafunzi wanausomea mtihani, watu wanauskiza na earphone wakiwa wamekwama Thika Road saa moja jioni, mama anamlaza mtoto nao wakati kesha la jirani ndio linapamba moto. Na karibu kila mtu anauita tu piano tulivu, basi, hakuna swali lingine.

Mimi naupenda sana huu muziki na ndio maana inaniuma ukiwekwa wote kwa gunia moja. Manake humo ndani kuna kazi za aina tofauti kabisa. Kuna mtu anapiga wimbo ule ule wa Chopin noti kwa noti, ila piano yenyewe ndio imefunikwa ikalainika. Kuna mwingine anachukua kipande kidogo cha Bach, kordi mbili tatu hivi, anatunga kitu chake juu yake. Alafu kuna yule ambaye hata hagusi piano, anachukua rekodi anaiingiza kwa kompyuta anaivuta mpaka dakika tatu zinakuwa nusu saa. Zote zinatoka na jina moja na picha moja ya mvua, na ndio maana watu wanabishana bila kuelewana, huyu anasema ni usanii mkubwa, yule anasema ni kuharibu muziki wa watu, kumbe hata hawaongelei kitu kimoja.

Ukitaka kuelewa vizuri anza na piano yenyewe, hata kabla ya kompyuta.

Sauti ya piano inakufa. Hilo ndilo jambo kubwa. Nyundo ndogo iliyovikwa felti (kitambaa kinene cha sufu) inagonga nyuzi na kurudi nyuma papo hapo, na kutoka hapo mpigaji hana lolote la kufanya ili kuiongezea ile sauti nguvu. Mtu wa orutu akiendelea kuvuta upinde sauti inaendelea, lakini piano iko upande wa nyatiti, ukishadonoa ni hivo, inabaki kusubiri iishe. Siku moja ukipata piano ya ukweli, si kibodi, bonyeza noti moja ya katikati na uishikilie, usifanye kitu kingine. Utaskia kwanza inashuka haraka, kama inaisha, alafu kunabaki mkia mwembamba mrefu unaotikisika kidogo kidogo. Huo mtikisiko unatokana na kwamba noti hiyo haina waya mmoja, ina nyaya tatu, na hakuna fundi wa kutuni duniani anayezifanya zilingane kabisa kabisa. Noti za chini kabisa zinaweza kulia sekunde nyingi sana, za juu kabisa zinaondoka karibu mara moja, na hizo za juu hazina hata ile felti ya kunyamazisha nyuzi, kwa sababu hakuna kitu cha kunyamazisha.

Ukikanyaga pedali ya kulia, zile felti zote zinainuka kwa pamoja, na sasa hata nyuzi ambazo hujazigusa zinaanza kuitikia zile ulizopiga. Huo ndio mwangwi wa kwanza wa piano na uko ndani ya mbao yenyewe, hauhitaji umeme.

Sasa, watunzi wa zamani walijua haya yote kuliko sisi, na ndio maana nasema ambienti haikuja kumwagia Chopin ukungu kutoka nje, ilikuja kuendeleza kitu ambacho wenyewe walikuwa wanahangaika nacho. Beethoven mwaka 1801 alimaliza ile sonata ambayo watu wanaiita ya mbalamwezi (hilo jina si lake, lilikuja baadaye yeye akiwa ameshafariki), na mwanzoni aliandika kwamba sehemu yote ya kwanza ipigwe kwa ulaini mkubwa sana na bila zile felti za kunyamazisha, yaani nyuzi ziachwe wazi, noti ziingiliane. Piano za Vienna wakati huo zilikuwa nyepesi na sauti yake ilikuwa inaisha haraka, kwa hivyo haikuwa fujo, lakini ukifanya hivo hivo kwa piano kubwa ya siku hizi yenye fremu ya chuma inakuwa matope, na ndio maana wapigaji wengi wa leo wanabadilisha pedali kila kordi ikibadilika. Sasa mtu akichukua hiyo sehemu akaiwekea mwangwi mrefu noti zikayeyukiana, uniambie nani yuko karibu zaidi na karatasi ya Beethoven. Mimi nina jibu langu, na mwenye mwangwi hayuko mbali hata kidogo.

Hata kile kitambaa cha felti kinacholainisha piano si kipya. Mwaka 2011 Mjerumani Nils Frahm alitoa albamu inaitwa Felt, na hadithi yake inajulikana, alikuwa anapiga usiku na hakutaka kusumbua majirani, akaweka felti nzito kati ya nyundo na nyuzi, alafu akasogeza maikrofoni karibu kabisa na nyuzi, mpaka unaskia mbao inalia, unaskia pumzi yake. Ilileta wafuasi wengi mno. Lakini piano za enzi ya Beethoven na Schubert tayari zilikuwa na kitu kama hicho, ukanda wa kitambaa unaoshuka mbele ya nyundo ukikanyaga pedali, na piano nyingi za kusimama zina pedali ya katikati inayofanya kazi hiyo hiyo, ya mazoezi ya usiku. Kinachobadilika ni hiki: felti inaua ule mgongano wa kwanza, ile "ta!" ya nyundo, na hiyo ndiyo sikio linatumia kujua noti imeanza saa ngapi. Ikishaondoka, sauti inakuwa kama imekuwepo tu. Ndio maana piano ya felti haikushtui hata ikianza ghafla.

Turudi kwa Satie, huyu mimi namwona kama mzee wa ukoo wote huu. Gymnopédie zake tatu, vipande vya piano, ni za mwaka 1888, alikuwa kijana wa miaka 21. Angalia ile ya kwanza vile imejengwa. Mkono wa kushoto unagusa noti moja ya chini, G, alafu kwa pigo la pili unapanda na kupiga B, D na F shapu kwa pamoja na kuziacha zilie mpaka kipimo, yaani fungu moja la mapigo, kiishe. Kipimo kinachofuata inashuka kwa D, alafu A, C shapu na F shapu. Inarudi kwa G, inarudi kwa D, melodi haijaingia hata, inaingia kipimo cha tano. Ile F shapu juu ya G inasukumana nayo kidogo, na kwa muziki wa wakati huo ukiweka msukumo kama huo ulikuwa unatarajiwa uutatue, usogee mahali, ufike nyumbani. Satie hasogei. Anaenda kwa kordi nyingine yenye msukumo ule ule, anarudi. Hakuna safari, hakuna mahali pa kufika, na ukishaondoa safari kwa muziki, mskizaji anaacha kungoja, anakaa tu ndani yake. Ambienti nzima iko hapo, kwa vipimo vinne, karibu miaka 90 kabla hiyo aina ya muziki haijapewa jina.

Na si ati Satie alifanya hivo kwa bahati. Mwaka 1920 huko Paris yeye na mwenzake Darius Milhaud waliweka muziki wa kupigwa wakati wa mapumziko, alioutaka uwe kama viti na meza, uwepo tu bila kuangaliwa. Watu wakaskia muziki umeanza wakarudi kukaa na kunyamaza kwa adabu, na Satie akawa anawahimiza waendelee kuongea na kutembea. Ana kipande kingine pia, Vexations, ukurasa mmoja tu, chenye maelezo kuhusu kukirudia mara 840. Mtunzi Mmarekani John Cage alikifanya kweli, New York mwaka 1963, wapigaji wakipokezana kwa zaidi ya masaa 18. Kwa hivyo ukiona video ya masaa nane usidhani hilo wazo lilizaliwa na intaneti.

Kubadilisha kazi za wenzao nako hakukuanza jana. Debussy mwenyewe alichukua mbili kati ya Gymnopédie akaziandikia okestra, Satie akiwa hai, rafiki yake. Na kuna moja ambayo karibu kila mtu wa Nairobi ameiskia harusini bila kujua historia yake: ile Ave Maria inayoimbwa kwa kanisa Katoliki bibi harusi akiingia ama wakati wa komunyo. Chini yake ni prelude (kipande kifupi) ya Bach ya C kutoka mkusanyiko wa mwaka 1722, haina melodi kabisa, ni vipimo 35 na karibu kila kimoja ni kordi moja iliyovunjwavunjwa noti moja moja. Mwaka 1853 Mfaransa Charles Gounod akaja akaweka melodi yake juu, baadaye ikapewa maneno ya Ave Maria. Zaidi ya miaka 100 baada ya Bach kufa. Wanaofanya ambienti leo wanapenda sana hiyo prelude, na wengi wanafanya kinyume cha Gounod, hawaongezi melodi, wanazivuta tu zile kordi mpaka kila moja inakuwa chumba kizima.

Mashine ziliingia kwa kishindo miaka ya 70. Mjapani Isao Tomita mwaka 1974 alitoa albamu nzima ya Debussy kwa sintesaiza ya Moog, Clair de lune ikiwemo, na hapo piano ikapata kitu ambacho haijawahi kuwa nacho, noti inayoweza kukua baada ya kupigwa. Mwaka uliofuata Mwingereza Brian Eno alichukua kanoni ya Pachelbel (hiyo si ya piano, ni ya vinanda vya upinde) akawapa wapigaji vipande vifupi vya noti, kila mmoja kwa mwendo wake, sehemu zikaanza kuachana na kuingiliana mpaka wimbo unaoujua ukawa wingu. Na mwaka 1978 akatoa Music for Airports ikiwa na jina Ambient 1 juu yake, ambayo inaanza na piano, mizunguko ya tepu inayojirudia. Yeye ndiye alisema ambienti lazima iweze kupuuzwa na bado iwe ya kuvutia ukiiskiza kwa makini. Hapo ndipo nyingi za siku hizi zinaanguka, zinapuuzika vizuri sana lakini ukiziskiza kwa makini hakuna kitu.

Sasa tuingie kwa kompyuta. Zamani kwa tepu, ukipunguza mwendo nusu, sauti nayo inashuka oktava nzima, mwanamke anaongea kama mzee. Programu za siku hizi zinatenganisha hivo viwili. Zinakata rekodi vipande vidogo sana, sehemu ndogo ya sekunde kila kimoja, vinapishana kidogo, alafu zinavipanga upya vikiwa mbalimbali zaidi na kujaza katikati, urefu unaongezeka lakini G inabaki G. Ukizidisha, ile "ta!" ya nyundo inavutika nayo inakuwa kama upepo, na piano inaacha kuwa piano, inaanza kuskika kama kwaya iko mbali. Mnorwe Leif Inge aliwahi kuvuta simfoni ya tisa ya Beethoven mpaka ikafika masaa 24. Ukiiskia huwezi kusema ni Beethoven, ila ukishaambiwa, unaskia kordi zake zinavyobadilika moja baada ya nyingine polepole ajabu.

Mwangwi wenyewe pia unaweza kuwa wa mahali pa kweli. Unapasua puto ndani ya jengo kubwa, tuseme Holy Family Basilica pale mjini likiwa tupu na umepewa ruhusa, unarekodi ule mlio unavyozunguka kuta na dari mpaka unaisha. Hiyo rekodi ni kama alama ya kidole ya jengo. Programu inaichukua na kuipitishia kila noti utakayopiga, kwa hivyo kibodi yako ya chumbani Umoja inaskika kama imewekwa mbele ya altare. Mtu wa sauti kanisani akiambiwa aongeze eko kidogo anazungusha kitufe kimoja tu, lakini nyuma ya hicho kitufe kuna hesabu kama hizi.

Na hapa ndipo napima nani ni fundi na nani anamwaga tu. Si kila kitu kinavumilia mwangwi mrefu. Chukua prelude ya nne ya Chopin, ile ya E mdogo. Mkono wa kulia karibu hausogei, unashikilia noti na kuigusa tena na jirani yake, wakati mkono wa kushoto kordi zinateremka noti moja moja, kidole kimoja kinashuka hatua ndogo, vingine vinabaki, kisha kingine kinashuka. Hiyo ukiivuta inazidi kuwa nzuri, manake unapata nafasi ya kuskia kila hatua. Na ilishawahi kufanyiwa hivo mapema sana, kwenye mazishi ya Chopin mwenyewe Paris mwaka 1849 ilipigwa kwa ogani ya kanisa, chombo ambacho sauti yake haifi mpaka utoe kidole. Lakini nenda kwa fuga ya Bach, ambapo sauti tatu nne zinaongea kwa wakati mmoja kila moja na sentensi yake, umwagie mwangwi wa sekunde sita, zote zinakanyagana na hakuna hata moja utaielewa. Nocturne za Chopin ziko katikati, mkono wa kushoto unafurahia mwangwi, lakini yale mapambo ya haraka ya mkono wa kulia, ambayo ndiyo roho yake, yanafutika. Mtu anayejua kazi atapunguza mapambo ama atayaacha makavu, mbele, na mwangwi ubaki nyuma kwa kordi tu. Asiyejua anawasha kila kitu mpaka mwisho.

Ukitaka kuskia ya watu waliofikiria, tafuta The Chopin Project ya mwaka 2015, Ólafur Arnalds wa Iceland na mpiga piano Alice Sara Ott. Walizunguka Reykjavik wakitafuta piano zenye tabia, hata zisizotuni vizuri, maana Arnalds alikuwa amechoshwa na rekodi za Chopin zilizosafishwa zote zikafanana. Alafu Víkingur Ólafsson, ambaye anapiga Bach safi kabisa bila kubadilisha kitu, na baadaye akawapa wengine kama Ryuichi Sakamoto na Ben Frost waigeuze, ikatoka mwaka 2019. Ziskize kwa mfululizo, Bach yenyewe kwanza. Na kwa upande wetu kuna KMRU, Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi, mjukuu wa yule Kamaru wa nyimbo za Kikuyu ambaye wazee wetu wanamjua. Albamu yake Peel ya mwaka 2020 haina Chopin, ni sauti za mazingira zilizovutwa na kuwekwa tabaka juu ya tabaka, lakini sikio linalohitajika ni lile lile, na ukitoka kwake ukirudi kwa Satie utaskia mikia ya noti vizuri zaidi.

Mbona basi takataka ni nyingi hivi? Kwanza hawa watunzi hawalipwi tena. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya muziki inaisha miaka 50 baada ya mtunzi kufa, na Satie alifariki 1925, Debussy 1918, wengine hata usiulize. Pili, mpangilio mpya wa kazi ya zamani ukiwa na ubunifu wa kutosha unapata hakimiliki yake. Tatu, Spotify inahesabu wimbo umeskizwa mtu akifikisha sekunde 30, na muziki wa kulala unaachwa ukicheza usiku kucha, kwa hivyo nyimbo nyingi fupi zinalipa kuliko moja ndefu. Ukiweka hayo matatu pamoja unaelewa mbona kuna akaunti zinazotoa Gymnopédie kila wiki. Dalili ni rahisi kuskia: noti zote zina nguvu moja, hakuna iliyoguswa kwa upole kuliko nyingine, mkia wa kila noti unaisha sawasawa, na noti ya chini ikibadilika mwangwi wa ile ya kwanza bado uko pale unagombana nayo bila sababu.

Kama wewe uko na kibodi nyumbani na unataka kujaribu, na naomba sana watu wajaribu, kumbuka kuna hakimiliki mbili, ya noti na ya rekodi. Noti za Satie ni zako bure leo hii, ziko mtandaoni, ukitaka mwalimu Kenya Conservatoire of Music imekuwa ikifundisha piano hapa Nairobi tangu 1944. Lakini rekodi ya mpigaji fulani ya mwaka 2010 si yako hata uivute mara kumi, hapa Kenya rekodi inalindwa miaka 50 tangu mwaka iliporekodiwa, na YouTube ina mfumo wa kuitambua. Piga mwenyewe. Anza na ile prelude ya nne, polepole, pedali chini, usiweke mwangwi wowote kwanza, na uskize kordi moja iishe karibu yote kabla hujabonyeza nyingine. Ukishajua pale inapoishia ndio ufungue programu.